Nani Abebe, Nani Abebwe: Nusu Karne ya Mbio za Ngamia Dubai

Al Marmoom, kando ya barabara itokayo Dubai kwenda Al Ain, mbio za ngamia huanza asubuhi mapema, kabla jua halijakolea. Kizuizi kinainuliwa, ngamia wanatimka, na sambamba nao, kwenye barabara iliyotengenezwa kwa ajili hiyo tu, unatimka msafara wa magari makubwa. Ndani ya magari wamo wenye ngamia na wakufunzi wao, redio ya upepo mdomoni, rimoti kiganjani. Mgongoni mwa ngamia hakuna mtu. Kuna kifurushi cha kilo mbili au tatu kilichovishwa kitambaa cha rangi za tajiri wake, na kila kitufe kinapobonyezwa garini, mjeledi mdogo unazunguka nyuma ya nundu. Wenyeji hukiita rakbi, yaani mpandaji, kana kwamba ni mtu. Miongo miwili imepita tangu Umoja wa Falme za Kiarabu utunge Sheria ya Shirikisho Na. 15 ya mwaka 2005, iliyopiga marufuku kumpandisha juu ya ngamia wa mashindano mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, na kifurushi hicho ndicho alama ya mabadiliko yale inayoonekana zaidi.

Kumbukumbu za taasisi kama hii hupenda kusimuliwa kwa mstari ulionyooka: palikuwa na desturi ya jangwani, ikaja serikali ikaipanga, ikaja teknolojia ikaisafisha. Kila kipande cha simulizi hilo kina ukweli wake, ila mpangilio wake unaficha jambo kubwa. Mbio za ngamia ni hesabu ya uzito. Mwenye mzigo mwepesi ndiye anayefika kwanza, na tangu siku mchezo huu ulipoanza kupimwa kwa saa na kwa kilomita, swali lililoutawala limekuwa moja: nani abebe, nani abebwe. Hoja ya makala haya ni kwamba swali hilo lilijibiwa kwanza na tabaka na jinsia. Mashine ilikuja baadaye, ikakaa katika nafasi ambayo viwili hivyo vilikuwa vimekwisha kuichonga.

Tuanze na ngamia mwenyewe. Kabla ya mafuta alikuwa usafiri, maziwa na heshima ya kabila. Mbio zilikuwepo, lakini zilikuwa za arusi, za sikukuu na za jando: masafa mafupi karibu na kambi, wapandaji wakiwa watu wa kabila lilelile na watazamaji wakiwa jamaa zao. Wanawake hawakuhitaji mwaliko wa kuwa sehemu ya mambo hayo. Wao ndio waliosokota manyoya na kufuma sadu, ufumaji uliotoa matandiko na mapambo ya ngamia, ambao UNESCO iliuingiza mwaka 2011 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kisha uchumi ukageuka. Biashara ya lulu, iliyokuwa uti wa mgongo wa Dubai, iliporomoka karibu na mwaka 1930, lulu za kufugwa za Japani zilipoenea sokoni na dunia ilipoingia katika mdororo. Mafuta yaligunduliwa mwaka 1966 chini ya bahari, katika eneo lililoitwa Fateh, na shehena ya kwanza ikauzwa nje mwaka 1969. Land Rover na wenzake wakamaliza safari za ngamia ndani ya kizazi kimoja. Mnyama aliyekuwa chombo cha kazi akabaki hana kazi. Baada ya dola mpya kuundwa tarehe 2 Desemba 1971, Sheikh Zayed bin Sultan Al Nahyan wa Abu Dhabi na ukoo wa Al Maktoum wa Dubai walitia fedha katika mbio, na ngamia akapata ajira nyingine. Gari lililomnyang'anya ya kwanza ndilo lililowezesha ya pili, kwa maana bila gari la kumpeleka uwanjani, na la kumletea maji na chakula cha kununuliwa, asingefugwa kwa ajili ya kukimbia tu.

Atakayesema kwamba huu ni urithi wa mababu wala si mchezo wa kisasa ana ushahidi mkononi. Desemba 2020, kwa ombi la Umoja wa Falme za Kiarabu na Oman, UNESCO iliingiza mbio za ngamia katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Nasaba za ngamia zinakumbukwa kizazi kwa kizazi, lugha ya malezi yao ni ya kale, na mapenzi ya watu kwao si ya kuigiza. Hata hivyo, tuvitazame vitu vinavyoufanya mchezo uwe na ratiba. Uwanja wenye uzio, masafa yanayopanda hadi kilomita 8 kwa kadiri ya umri wa mnyama, makundi yanayotenganisha mitamba na madume, saa ya kielektroniki, kamera, msimu wenye mwanzo na mwisho, na shirikisho la taifa lililoundwa mwaka 1992: hakuna hata kimoja kilichorithiwa kutoka kambini. Kilichorithiwa ni mnyama na mapenzi. Kilichopangwa ni mashindano. Kutofautisha viwili hivyo kuna faida, kwa sababu dhuluma iliyokuja baadaye haikutoka jangwani. Ilitoka kwenye saa. Katika mbio fupi ya arusi hakuna aliyemtafuta mpandaji wa kilo 20, kwa kuwa hakuna aliyeshindania sekunde.

Tabaka liliandikwa ndani ya mchezo huu waziwazi, tena kwa njia ambayo haikuwa mbaya yote. Ratiba hugawanywa: zipo mbio za ngamia wa masheikh, na zipo mbio za ngamia wa wana wa makabila. Mgawanyo huo unakiri kwamba utajiri wa ikulu haulingani na wa mfugaji, na unamlinda mfugaji asifutwe. Zawadi ni magari, fedha taslimu, panga na majambia ya heshima, kamari hairuhusiwi. Mfugaji mwenye mtamba mwenye mbio anaweza kushinda, au akamuuza kwa tajiri kwa bei ya kumjengea nyumba. Kwa hiyo mbio zilikuwa mfereji uliopeleka fedha za mafuta kwa watu ambao mafuta yaliwapita pembeni, na uliwaunganisha Mabedui na taifa changa bila kuwalazimisha waache walichokijua. Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu zaidi ya wanaoutetea mchezo dhidi ya wale wanaouita burudani ya wafalme, na inastahili kukubaliwa. Ila mfereji una mwisho wake. Fedha zilishuka kutoka kwa sheikh hadi kwa mwenye ngamia, zikafika kwa mkufunzi, na hapo zikakauka. Chini ya mkufunzi walikuwepo wachungaji na watunzaji kutoka Pakistan, Bangladesh na Sudan, wakilala izbani, yaani kwenye mazizi ya ngamia, pamoja na wanyama, na chini yao walikuwepo watoto.

Waswahili wana methali ya kwamba mzigo mzito mpe Mnyamwezi, na kila aliyeisoma historia ya misafara ya pwani anajua methali hiyo inasema nini kuhusu anayeitamka. Dubai methali iligeuzwa: hapa kilichotakiwa ni mzigo mwepesi, na aliyefanywa mzigo huo ni mwana wa mgeni. Wavulana wadogo, baadhi yao wa umri wa miaka 4 au 5, waliletwa kutoka Pakistan, Bangladesh, Sudan na Mauritania, wengine kwa kutekwa au kudanganywa, wengine kwa wazazi kupokea pesa. Wapo wanaosema kwamba lawama basi ni ya wazazi na mawakala wa huko walikotoka. Ni kweli kwamba mnyororo ulianzia mbali, na ni kweli pia kwamba baadhi ya waliotoa watoto walikuwa wafugaji hodari wa ngamia, kama Warashaida wa mashariki ya Sudan, ndugu wa ufundi wa wale waliowapokea. Lakini ukweli huo unaithibitisha hoja ya tabaka badala ya kuivunja. Kilichowatenganisha mfugaji wa Kassala, huko Sudan, na mfugaji wa Dubai hakikuwa dini, wala ufundi, wala hata ngamia. Kilikuwa kisima cha mafuta. Mmoja alipata zawadi ya gari na mwingine akapata mshahara wa mwanawe.

Jinsi tabaka lilivyofanya kazi inaonekana vizuri zaidi tukivuka upande wa pili wa mtaa. Nad Al Sheba, hapohapo Dubai, palikuwa na uwanja wa ngamia na uwanja wa farasi, ardhi ileile, jua lilelile. Tarehe 27 Machi 1996 ilikimbiwa hapo mara ya kwanza Dubai World Cup, na farasi wa Marekani aitwaye Cigar akashinda. Mpandaji wake alikuwa Jerry Bailey, na jina lake limo katika kila kitabu cha mbio za farasi kinachoitaja siku ile. Alikuwa mtu mzima, mwenye leseni, mwenye wakala na mkataba. Farasi naye anahitaji mpandaji mwepesi, basi wepesi wenyewe haukumlazimisha yeyote kutafuta mtoto. Mchezo wa farasi ulikuja Dubai ukiwa na kanuni zake za kimataifa, ambamo mpandaji ni mchezaji. Kwenye ngamia mpandaji alihesabiwa kama sehemu ya matandiko. Orodha ya matokeo ya mbio za ngamia hutaja ngamia, mwenye ngamia na mkufunzi. Nafasi ya jina la nne haikuwepo.

Sheria zilikuja kwa awamu, na awamu hizo ndizo ushahidi. Mwaka 1993 watoto walikatazwa kupanda, na hawakuacha kupandishwa. Mwaka 2002 lilitangazwa katazo jipya lenye vipimo viwili, umri wa miaka 15 na uzito wa kilo 45, nalo likavunjwa mchana kweupe. Mwaka 2004 televisheni ya HBO ya Marekani ilirusha filamu iliyotengenezwa kwa msaada wa Ansar Burney, mtetezi wa haki za binadamu kutoka Pakistan, ikionyesha watoto wakiwa izbani. Mei 2005 serikali ikatia saini mkataba na UNICEF wa kuwatambua watoto na kuwarudisha makwao. Julai ikafuata sheria yenye adhabu ya kifungo cha hadi miaka 3 au faini isiyopungua dirhamu 50,000. Watoto zaidi ya 1,000 waliandikishwa na kurejeshwa katika nchi nne. Wakati huohuo Qatar, iliyokuwa na tatizo lilelile, ilikuwa imeagiza mpandaji wa mashine kutoka kampuni ya Uswisi iitwayo K-Team, na mwaka huohuo wa 2005 roboti zikaanza kukimbizwa katika Falme.

Hapa linazuka pingamizi zito kuliko yote. Mtu atasema: umekiri mwenyewe kwamba katazo la 1993 lilishindwa na la 2002 likashindwa, la 2005 likafaulu kwa kuwa mashine ilikuwa tayari. Basi ni teknolojia iliyowakomboa watoto, wala sheria pekee isingeweza. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama mashine yenyewe ingekuwa uvumbuzi mpya. Roboti za kwanza za Uswisi zilikuwa nzito, ghali, zenye umbo la binadamu. Zilizoteka soko ni zile za karakana: mota ya drili ya betri ya kuzungusha mjeledi, rimoti ya aina ya kufungia milango ya gari, redio ya upepo ya kupitishia sauti ya mkufunzi, na kitambaa juu. Drili ya betri ilianza kuuzwa na Black & Decker mwaka 1961, kabla mafuta ya Dubai hayajagunduliwa. Gari la Renault Fuego lilikuwa na rimoti ya kufungia milango mwaka 1982. Redio ya upepo ni ya zamani kuliko zote mbili. Kila kipande cha mpandaji huyu kilipatikana dukani miaka 20 kabla hajaundwa, katika mji ambao hakuna bidhaa usiyoipata. Kilichokosekana ni sababu ya kuviunganisha. Mtoto alikuwa rahisi kuliko betri, na pale kazi ya mtu inaponunuliwa kwa bei ya kutupa, hakuna anayejisumbua kubuni. Kelele za dunia, mkataba na tishio la jela vilipompandisha mtoto bei, fundi akaona mara moja kile kilichokuwa mezani kwake siku zote.

Kusema hivyo si kuidharau mashine. Sheria bila roboti pengine ingekuwa na maisha magumu zaidi, na wenye ngamia waliokuwa na mapenzi ya kweli na mchezo wao walipata njia ya kuuendeleza bila aibu. Lakini kama teknolojia ingekuwa na haki ndani yake, isingehitaji kuchungwa. Mwaka 2011 polisi wa Dubai waliwakamata watu waliokuwa wakiuza roboti zilizotiwa kifaa cha kumpiga ngamia shoti ya umeme. Mzigo wa ushindi ulikuwa umetoka kwa mtoto, sasa ulikuwa unatafuta njia ya kumwangukia mnyama. Na walio chini ya mkufunzi bado wako walipokuwa: wanaowatoa ngamia mazoezini alfajiri, wakiongozana nao kwa misururu mirefu huku wamewavika mablanketi, wengi wao ni wahamiaji wa mikataba. Roboti ilichukua nafasi ya mtoto. Ngazi ya kijamii aliyokuwa amesimama juu yake haikuvunjwa.

Jinsia ilifanya kazi kwa utulivu zaidi, pengine ndiyo maana haisimuliwi. Nyota wa mbio za ngamia, kwa sehemu kubwa, ni majike. Wenye ngamia wengi huwapendelea kwa wepesi na kwa urahisi wa kuongozwa, na majina yao hutangazwa na kuimbiwa mashairi. Lakini jike mwenye mbio alikuwa na hasara moja machoni pa tajiri: akibeba mimba ya miezi kama 13, kisha akanyonyesha, misimu inampita. Kuanzia miaka ya 1990 wataalamu wa uzazi wa Falme walilimaliza tatizo hilo kwa kuhamisha viinitete. Bingwa anatoa kiinitete, jike mwingine asiye na jina anabeba mimba na kunyonyesha, na bingwa anaendelea kukimbia. Kituo cha Uzazi wa Ngamia cha Dubai kilikwenda mbali zaidi: tarehe 8 Aprili 2009 alizaliwa hapo Injaz, ngamia wa kwanza duniani kuzalishwa kama nakala ya mwingine. Ni sayansi ya kupigiwa mfano. Pia ni swali lilelile la mwanzo katika vazi jipya, kwani hata kati ya wanyama sasa kuna wa kukimbia na wa kubeba.

Wanawake wa kibinadamu, kwa upande wao, walipoteza nafasi pale mbio zilipotoka kambini na kuingia uwanjani. Hakuna sheria iliyowafukuza. Kazi zao zilinunuliwa: matandiko ya sadu yakayapisha ya kiwandani, ulezi wa nyumbani ukawa ajira ya wanaume waliotoka ng'ambo, na jukwaa likawa mahali pa wanaume kukutana na watawala. Wanaodai kwamba wanawake kutokuwepo ni desturi wanaichukua desturi ya uwanja, isiyozidi nusu karne, na kuibandika juu ya desturi ya hema. Ndiyo maana kilichotokea Al Marmoom Oktoba 2021 kina uzito unaozidi ukubwa wake. Wanawake waliofundishwa katika kituo cha kupanda ngamia cha Dubai walishindana hapo katika mbio ya kilomita 1.5, wengi wao wakiwa wageni wakazi kutoka nchi mbalimbali. Mtu anaweza kuibeza kama tamasha la wageni, na kwa idadi ya washiriki hakosei sana. Lakini tazama nani alikuwa juu ya ngamia: mtu mzima, aliyechagua mwenyewe, aliyejifunza, na ambaye jina lake lilisomwa.

Kwetu kuna mizani ya kupimia jambo hili. Lamu, wakati wa Maulidi, vijana hushindana kwa punda kando ya bahari, na mshindi hutembezwa mjini akishangiliwa kwa jina lake na la mtaa wake. Maralal, Samburu, mashindano ya ngamia yamefanyika tangu mwaka 1990, na wapandaji ni watu wazima, wenyeji na wageni. Si haki kuzilinganisha sherehe hizo na mchezo wenye mamilioni, na huenda kama mamilioni yangefika Lamu, nako kungezuka wa kumtafuta mpandaji mwepesi zaidi. Hilo likubaliwe. Unachofundisha ulinganisho ni kwamba mpandaji anayetambuliwa kwa jina na jamii yake hawezi kugeuzwa kipimo cha kilo kwa urahisi. Ulinzi wake wa kwanza ni kufahamika kwake kabla hata ya kanuni.

Kwa hiyo Al Marmoom inapoadhimisha miongo miwili ya mpandaji wa mashine, kuna orodha tatu za kuwekwa pamoja. Ya kwanza ni ya matokeo, miaka yote tangu taifa lizaliwe: ngamia, mwenye ngamia, mkufunzi. Ya pili ni ya watoto zaidi ya 1,000 walioandikishwa ili warudishwe makwao, waliopata nafasi ya kuandikwa siku walipokuwa wanaondoka. Ya tatu, fupi kuliko zote, ni ya wanawake wa mwaka 2021. Anayesoma ya kwanza peke yake ataona historia ya ngamia wenye mbio na matajiri wenye bahati, na atadhani mashine ndiyo iliyoleta mabadiliko. Anayezisoma zote tatu ataona kwamba katika mchezo huu mpandaji aliwahi kuwa mtu asiyeandikwa, kisha akawa kifaa kisichohitaji kuandikwa, na kwamba ni juzi tu alipoanza kuandikwa akiwa bado juu ya mgongo wa ngamia.